Haramia wa Siku Moja

Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, Bwana Lloyd, alipoingia uani kwa Cadette hakuuliza habari za watoto wala za chakula. Alimkazia macho Michée, mume wa Cadette, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Michée alikuwa ameketi kwenye kigoda akishona wavu wa mtu mwingine, kovu lake refu la shavuni limeelekea juani.

"Bashi Gaëlle," Lloyd alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akimwita baba kwa jina la binti yake, "weye njo mutu natafuta. Ile alama ku sura inatosha. Hatutapaka hata rangi."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Nchelenge, mji wa Zambia kwenye ziwa Mweru, kusherehekea kufunguliwa kwa ziwa kwa kucheza maharamia. Miezi mitatu ya marufuku ya uvuvi ikiisha, wiki moja baada ya nyavu kurudi majini mwanzoni mwa Machi, watu waliovaa makofia mapana na kushika bunduki za mbao hutokea ziwani, hujifanya wanaivamia bandari, wavuvi huwakamata, kisha wote hupanda barabarani kwa ngoma mpaka uwanja wa mpira, ambako watu hula na kucheza hadi wachoke. Wazo lilitoka wapi? Wengine walisema kwenye televisheni, wengine kwa mgeni mmoja aliyelala wiki mbili mjini akaondoka. Watu wa Nchelenge walilipenda jambo hilo jinsi wanavyopenda soda ya baridi, bila kuuliza nani aliitengeneza.

"Mwaka jana vijana wetu walipiga kelele kwa Kibemba," Lloyd aliendelea, "batu bakacheka tu. Pirate wa Kibemba haogopeshi hata kuku. Pirate lazima aseme Kiswahili. Munanielewa, mukwai?"

Alisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo uchungu ulipokaa. Cadette na mumewe, waliotoka Kongo ng'ambo ya ziwa, walikuwa wamezaa, wamezika na kubatiza katika mji huu, na bado mtu mwema kama Lloyd aliposikia Kiswahili chao aliona mwizi anayekuja kwa boti.

"Donke mutu wa Kiswahili iko mwizi?" Michée aliuliza. Hakuinua macho kutoka kwenye wavu.

"Awe, mukwai! Ni muchezo. Na tena, ile bwato yenu, tunaomba mutuazime."

Wote watatu wakaligeukia boti. Lilikuwa limepinduliwa juu ya mawe pembeni mwa nyumba, na Cadette alikuwa ameanika chisense juu ya tumbo la boti, visamaki vidogo vyeupe vimetandazwa mpaka ukingoni. Chini yake kuku walitaga. Mbao zake hazikugusa maji kwa miaka miwili, na Jumatatu baada ya sikukuu lilikuwa liondoke kabisa, kwa maana mchuuzi mmoja wa Mwansabombwe aitwaye François alikwisha kuja kulipima kwa hatua zake na kuligonga kwa kifundo cha kidole akasema atalichukua.

Cadette hakutaka liuzwe. Bila boti, yeye alikuwa mtu wa kungoja ufuoni akinunua samaki kwa wenzake waliotoka kisiwa cha Kilwa humo ziwani, kwa bei waliyojisikia kutaja siku hiyo, na asubuhi nyingine kumwambia rafiki yake wa jana "tafadhali mama, nipunguzie" mpaka ulimi ukauke. Mapatano yake na Michée yalikuwa mafupi: Michée akiingia ziwani kabla François hajaja, boti linabaki. Asipoingia, liende. Sasa Lloyd alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, akimletea bahati mpaka mlangoni.

"Atakuja," Cadette akasema. "Na bwato itakuja."

"Mama Gaëlle," Michée alisema polepole.

"Atakuja, Ba Lloyd. Muende na amani."

*

Mvua ya alasiri ilipiga mabati mpaka maneno yakawa hayasikiki, kisha ikatulia ikawa mnong'ono. Katika mvua ya namna hiyo, Nchelenge huonekana kama mji uliozama chini ya maji na watu wake wanaendelea kupika tu. Cadette alikuwa amesimamisha cherehani karibu na mlango. Koti la haramia mkuu alilifanya kwa koti jeusi la kike alilolipata kwenye marundo ya salaula, nguo za mitumba, akaongeza mikia miwili nyuma kwa pazia jekundu, na vifungo akavivisha karatasi ya dhahabu ya biskuti. Lilikuwa koti zuri, na yeye alijua ni zuri.

"Simama vizuri."

"Unanivalisha manguo ya bale batu," Michée alisema.

"Bale batu habakuvala hivi. Bo balivala majezi ya mupira. Inua mukono."

Akainua. Binti yao Gaëlle, aliyekuwa sakafuni na daftari lake la shule, akacheka kumwona baba yake na mikia miwili mikundu. Michée akamtikisia mikia ile, mara moja tu, kisha uso ukarudi ulikokuwa.

Kila mtu anayefanya biashara katika maji ya Mweru anaijua sheria ya majambazi wa ziwani, na watu hufundishana jinsi wanavyofundishana sala: wakija, geuka, wape mgongo, mikono kichwani, usitazame. Aliyeona sura zao haishi. Siku walipovamiwa wao, miaka miwili iliyopita, wakitoka Kilwa na samaki wao, Cadette na wenzake waligeuka wote kama walivyofundishwa. Michée peke yake alizungusha shingo, na panga likamsalimu shavuni. Wakachukua injini, nyavu na samaki, wakawaachia boti na uhai. Tangu hapo Cadette alikwisha kumwambia mumewe, mara nyingi kuliko ilivyofaa, kwamba asingekuwa na kiherehere cha kutazama angerudi na shavu zima, na pengine na moyo mzima.

"Miye pia nilikuwa mu ile bwato," alisema sasa, pini zikiwa katikati ya meno. "Nakuwa naogopa? Hapana. Mutu anaogopa mara moja, inaisha."

"Weye uko na nguvu."

"Basi fanya kama miye."

Michée akainua mkono wa pili. Ni heri jambo moja lisemwe hapa, ili hadithi isifiche kama mwizi: Cadette mwenyewe hakuwa ametia mguu kwenye boti lolote tangu siku ile. Alikuwa na sababu. Mara mtoto ana homa, mara soko la Kashikishi limechangamka na hawezi kuliacha, mara huyo nahodha analewa. Sababu zilikuwa nzuri kiasi kwamba yeye mwenyewe aliziamini. Nyani haoni kundule, na ana macho mazuri sana kwa la mwenzake.

"Papa Gaëlle," akasema, akiuma uzi, "ni kupanda, kuzunguka matete, kurudia. Ni teatre."

"Ba Lloyd anasema niseme vile bale banasemaka. Vraiment vile banasemaka."

"Basi sema. Ni maneno tu."

*

Siku yenyewe ziwa liliamka halina mwisho. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, maji yalikuwa meupe, mbingu nyeupe, na pale vilipokutana hapakuwa na mstari wowote. Matete yaliota kwenye hewa tupu. Mvuvi mmoja aliyekuwa akipiga kasia mbali kidogo alionekana kama anasafisha wingu kwa ufagio. Watu waliteremka bandarini wakizungumza kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini, hata wale ambao tangu kuzaliwa hawakuwahi kuzungumza kwa sauti ya chini.

Wanaume walilibeba boti begani wakaliweka majini. Cadette alisimama mbali makusudi, asije akamtia mumewe haya. Akaona Michée anafika ukingoni, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu, anasimama. Alisimama muda ambao mwanamke anaweza kusali sala yake yote na kurudia mwanzo. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akashika ubavu wa boti, akapanda. Vijana wanne wa Kikongo wenye vitambaa vyekundu kichwani wakapanda nyuma yake, wakapiga kasia, na ukungu ukawameza. Cadette akajawa na furaha. Boti limebaki, aliwaza. Hapo hapo alianza kupanga safari: wiki ijayo Kilwa, wiki inayofuata Kilwa tena, na François atafute boti kwingine.

Lloyd alikuwa amewapanga wanawake wa Kikongo mstari mmoja kwenye ukingo wa maji, kila mmoja na beseni lake la samaki, ili maharamia wapate watu wa kuibia. Cadette alikuwa kati, jirani yake Mama Arlène, mwanamke mnene mcheshi aliyepaka midomo rangi kwa ajili ya simu za watu. Nyuma yao, kwenye mteremko, mji mzima ulikuwa umesimama: watoto wenye jicho moja lililofungwa kitambaa, vijana wenye masharubu ya makaa, mwalimu mmoja mwenye kasuku wa karatasi begani. Ngoma zikapiga, zikanyamaza.

Boti likatoka kwenye weupe. Halikufanya sauti yoyote. Lilining'inia pale, wala si juu ya maji wala si hewani, na mbele yake mtu mrefu, waliyempaka makaa hata hivyo, mwenye kofia pana na mikia mikundu. Mji wote ukavuta pumzi. Mtoto mmoja akamwita mama yake, "Mayo!" kwa furaha tupu. Mtu yule mrefu akainua bunduki yake ya mbao, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ya sikukuu.

"Geuka! Bote! Mikono ku kichwa! Mutu hapana kuangaria!"

Cadette alijua ni mumewe. Alilijua koti, alijua hata kifungo kipi kimelegea. Aliijua karatasi ya biskuti. Yote hayo aliyajua vizuri kabisa wakati miguu yake ilipogeuka yenyewe, beseni likapinduka, na mikono yake miwili ikapanda ikakaa juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Kulia kwake Mama Arlène alikuwa amegeuka. Kushoto, wote walikuwa wamegeuka. Mstari mzima wa wanawake wa Kikongo uliligeuzia ziwa migongo, vidole vimefumana utosini, videvu kifuani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, hakuna aliyefanya mazoezi.

Mji ukapasuka kwa kicheko. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko wote wa miaka mitatu! Watu wakapiga makofi, simu zikainuliwa, na kwa kuwa wanawake sasa walikuwa wametazamana na umati, kila mtu alipata picha ya sura zao. Msichana mmoja akawaiga, akaweka mikono kichwani na kutoa ulimi. Lloyd aliruka juu akisema "Eya! Eya!" Cadette aliwaona wote kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji anavyowaona walio juu. Aliiambia mikono yake ishuke, haikushuka. Samaki wake walikuwa matopeni na bata mmoja alikwisha kuanza kuwala. Akamwona Gaëlle kwenye umati, akicheka na wenzake. Kisha akamwona Gaëlle ameacha kucheka.

Nyuma yake akasikia mtu anaruka majini. Hatua zikaja, nzito, zikisukuma maji, na Cadette akafumba macho. Hatua zilimfikia. Alingoja kushikwa shingo. Lakini mtu yule hakumgusa. Alimzunguka kwa mbali, akaja akasimama mbele yake, kati yake na umati, na harufu yake ilikuwa ya makaa na ya sabuni ya nyumbani.

"Mama Gaëlle."

"Shiwezi."

"Ni miye. Fungula macho."

"Shiwezi kuangaria," Cadette alisema.

"Unaweza. Angaria sura. Angaria yote."

Alifungua. Kofia ilikuwa imetupwa. Makaa yalikuwa yanamchuruzika Michée mashavuni, yakipita juu ya kovu, na alikuwa analia mbele ya mji mzima na koti lake la vifungo vya dhahabu. Cadette alimtazama mpaka akamaliza kumtazama. Hapo ndipo mikono iliposhuka, mmoja, kisha wa pili.

Michée akaenda kwa Mama Arlène. Huyo pia hakumgusa kwa nyuma. Akamzunguka, akainama kumtafuta usoni. "Mama, ni shiye tu. Ni bana ba hapa. Uniangarie." Rangi ya midomo ya Mama Arlène ilikuwa imefika kidevuni. Michée akangoja mpaka akatazamwa, akaenda kwa anayefuata, na anayefuata. Wale vijana wanne botini walikuwa wameweka makasia chini. Kicheko juu ya mteremko kilipungua, kikabaki kwa watu wawili watatu wasioona vizuri, kikaisha.

"Bashi Gaëlle," Lloyd aliita, akiwa hajui mikono yake aiweke wapi. "Programu, mukwai. Barabara inatungoja."

"Muende," Michée alisema. Alivua koti, akampa kijana aliyekuwa karibu. "Pirate njo huyu."

Na maandamano yakaenda, kwa sababu sikukuu ni sikukuu na wapiga ngoma walikwisha kulishwa. Kijana alivaa koti likampwaya, watoto wa jicho moja wakamfuata, kasuku wa karatasi akapita, na ngoma zikapanda mteremko, zikapinda barabarani, zikawa za mbali. Gaëlle alibaki. Alikuwa amechuchumaa matopeni akiosha samaki wa mama yake, mmoja mmoja.

*

François hakungoja Jumatatu. Alikuja siku ile ile, jua lilipokuwa limekwisha kuufuta ukungu, na vijana wawili wa kubeba, akakuta boti limefungwa kwa kamba kwenye kigingi, likicheza kwenye maji ya magotini. Michée na Cadette walikuwa wameketi mchangani kando yake.

"Ah, sasa naona vizuri," François alisema. Alikuwa mtu wa tumbo na wa haraka. "Mu mayi haivuje. Bon, naikamata leo."

Michée alifungua kinywa amkatalie. Mapatano yalikuwa mapatano, naye alikuwa ameingia ziwani. Lakini Cadette alimtangulia.

"Ikamate, Papa François. Iende."

"Mama Gaëlle! Tulisema nini?"

"Tulisema juu yako," Cadette akajibu. "Hatukusema juu yangu."

François akawatazama, huyu, kisha yule. Akawaambia vijana wake wangoje.

"Miye pia naogopa," Cadette alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuwa na mazoea ya kuwa na sauti ndogo. "Kila siku. Nikisikia motere ya bwato nikiwa ku soko, mugongo yangu inakuwa baridi. Shikusema. Nilikutukana weye, juu nikikutukana, ya kwangu ilikuwa inanyamaza." Akajifuta pua kwa pindo la kitenge. "Ile siku, uliangaria juu ya nini? Ulijua sheria. Bote tulijua."

Michée alichora kitu mchangani kwa kidole, akakifuta.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Alafu ukanyamaza. Nikafikiri, banamutupa mu mayi. Nikaangaria kama ungali."

Miaka miwili yote ya kiherehere ilipita mbele ya Cadette, kila mara alipolitamka neno hilo mezani, mbele ya jirani, mbele ya mtoto. Aliona haya mpaka masikioni. Na chini ya haya hiyo, akampenda mwanamume huyu kwa namna ambayo hakuikumbuka tangu walipokuwa vijana, akataka kumwambia, akashindwa, akamshika tu kifundo cha mguu uliokuwa na mchanga.

"Papa François," Michée akasema, "rudia nyumbani. Bwato haitoke."

"Lakini mama anasema iende."

"Mama anasema anaogopa. Haiko kintu kimoja."

François akapiga ulimi, akasema kwamba watu wa namna hii humfanya mtu atembee bure kutoka Mwansabombwe na jua lote, kwamba wakimwita tena atakuja na bei nyingine, na kwamba yeye mwenyewe mke wake ni hivyo hivyo. Akaondoka na vijana wake.

Maji yalikuwa ya buluu sasa, na upande wa Kilwa kulikuwa na kitu chembamba cheusi ambacho huenda kilikuwa kisiwa na huenda kilikuwa macho tu. Ngoma za uwanjani zilifika kwa vipande, upepo ukizileta na kuzichukua. Michée akaingia majini mpaka magotini, akapanda botini, akaketi. Hakumwita. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Cadette akasimama. Akakunja kitenge, akatia mguu mmoja majini, akaurudisha, akautia tena. Gaëlle akaja na beseni la samaki waliooshwa, akasimama kuwaangalia, akawa na akili ya kutouliza kitu. Ilichukua muda. Mwishowe mama yake akashika ubavu wa boti, akajivuta, akaingia kwa tumbo kama gunia la mihogo, wala hakuna aliyecheka. Akaketi mkabala na mumewe, akishika mbao kwa mikono miwili.

Boti likainama upande mmoja, likarudi. Chini yao mchanga ulionekana, na vivuli vya visamaki vikipita juu yake.

"Usifungule," Cadette alisema.

"Shifungule."

Wakakaa. Cadette alipumua kwa mdomo, kisha kwa pua. Wimbi dogo la boti la mtu mwingine likaja kutoka mbali, likawanyanyua, likawashusha, likaenda kufia miguuni kwa Gaëlle. Cadette alikuwa ameutazama ufuo muda wote huo, nyumba na moshi wa meko. Akageuka polepole, kwa mwili wote, akalitazama ziwa.

"Papa Gaëlle."

"Ee."

"Ongeza kamba kidogo."

Akaongeza.